Bunduki Zilizonukia Karafuu

Mbarouk Ngwali alikuwa fundi wa kila kitu chenye skrubu: cherehani, majiko ya mafuta, pampu za maji. Basi Ghassan, aliyerudi kutoka Maskati, alipofungua uwanja wa mchezo wa kupigana kwa rangi katika shamba la karafuu la babu yake, hakuuliza mara mbili nani atazitunza bunduki. Bunduki zenyewe hazikuwa za kuua. Zinasukumwa na hewa ya mtungi, na risasi yake ni gololi laini iliyojaa rangi. Ikikupiga inapasuka, na wewe umeshatolewa mchezoni, umepakwa kama ukuta wa skuli. Mbarouk alijifunza bunduki zile kwa siku tatu, na siku ya nne akaanza kuwafundisha wenzake, maana ndivyo alivyo.

Wiki moja kabla ya timu ya Unguja kuja kucheza, bunduki zikabadilika tabia. Unalenga kifua cha mtu, gololi inapita juu ya kichwa. Unalenga tena palepale, inaanguka hatua kumi mbele yako kama embe bovu. Ghassan akaleta kipima mwendo, kidude kinachowekwa mbele ya mtutu kusoma kasi ya gololi. Inatakiwa kisome karibu na futi mia mbili na themanini kwa sekunde kila risasi. Ya kwanza ikasoma mia mbili na tisini. Ya pili mia mbili na kumi. Ya tatu mia tatu na ishirini, na hiyo ni ya kumtoa mtu jicho.

"Ami Mbarouk," Ghassan akauliza mbele ya wafanyakazi wote, "tatizo nini?"

Mbarouk hakujua. Mtu mwingine angesema hivyo tu: sijui, nipe mpaka kesho nizifungue. Lakini neno hilo halikuwahi kumtoka mbele za watu tangu alipoota ndevu. Akatazama huku, akatazama kule, macho yakamwangukia Bi Mwatima, mjane aliyekuwa mtunza stoo, akakumbuka kitu.

Siku chache nyuma Bi Mwatima alimwita pembeni. Mvua ilikuwa imeingia dirishani na kulowesha boksi moja la gololi. Alimwambia yeye peke yake, kwa kuwa alimwamini: "Fundi, hebu n'tazamie, zisiwe zimeharibika." Mbarouk akafungua, akakuta mifuko ya ndani mikavu. Akamwambia ziko salama, wala hakuna haja ya kumsumbua mtu.

"Gololi zimevimba," Mbarouk akasema sasa. "Zimeingia maji stoo. Gololi ikivimba inakwama mtutuni, ndiyo maana mwendo haueleweki. Muulize Bi Mwatima."

Bi Mwatima akamtazama kama mtu anayengoja mwenzake amalizie maneno. Mbarouk akainama, akaanza kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa. Siku hiyohiyo Ghassan alimwachisha kazi, naye Bi Mwatima akakabidhi funguo na kwenda zake.

Mbarouk alizipeleka bunduki nyumbani na gololi za lile boksi. Akatia moja mtutuni. Gololi nzima hukaa humo kwa kujisugua kidogo, na ukiipuliza inatoka. Ile ilikaa, akaipuliza, ikatoka. Akajaribu ishirini, zote nzima. Akasafisha mitutu, akapima tena, mwendo bado wa wazimu. Ndipo akafungua rigileta, kifaa kinachoipima hewa ya mtungi isiingie nyingi wala chache. Kabla hajaona kitu, harufu ikampiga usoni. Karafuu.

Wiki mbili nyuma grisi ya bunduki ilikuwa imemwishia. Aliona taabu kumwambia Ghassan kwamba aliimaliza kwa kuipaka ovyo, akatumia mafuta ya makonyo, yale yanayokamuliwa kwa mvuke kutoka vikonyo vya karafuu, ambayo nyumbani kwake yalitibu jino, mgongo na bawaba za mlango. Kwenye mpira yalikuwa sumu. Oringi, vile vipete vya mpira vinavyozuia hewa kuvuja, vilikuwa vimevimba na kulainika kama bablishi. Hewa inapita inavyotaka yenyewe.

Masikio yakamwaka moto, na hakuna mtu chumbani. Angeweza kuvaa kofia yake akaenda kwa Ghassan muda uleule. Badala yake alizikusanya oringi zote, akazitupa chooni, akanawa mikono mara tatu. Akaagiza nyingine Unguja. Zilifika siku moja na maboksi mapya ya gololi aliyoagiza Ghassan, na bunduki zikapiga sawa kama uzi. Timu ya Unguja ikafungwa. "Umeona, ami?" Ghassan akasema. "Zilikuwa gololi." Mbarouk akaitikia kwa kichwa, kwa sababu kichwa hakina sauti.

Bi Mwatima ndiye aliyekuwa akitunza vyombo vya shughuli vya mtaa: masinia, masufuria na sahani za harusi na hitima za watu wote. Wiki ile, habari za boksi lililolowa zilipoenea, wanawake wakaenda kuvichukua. Walikwenda kwa adabu na maneno mazuri, lakini walivichukua. Mwanawema, mke wa Mbarouk, alikuwa miongoni mwao. "Masikini, hakusema kitu," akamsimulia mumewe. "Katukabidhi mpaka kijiko cha mwisho." Mbarouk akaisukuma sahani yake mbele na kusema tumbo linamsumbua.

Jumatatu baada ya alasiri, Bi Mwatima mwenyewe akapiga hodi. Alikuwa amekuja kwa miguu, amepita mtaa mzima na mabaraza yamejaa watu. Akakaa ukingoni mwa baraza, Mwanawema yupo anasikia.

"Fundi, n'mekuja kukutaka radhi," akasema. "N'likutia aibuni mbele ya tajiri wako. Labda n'lichelewa kuliondoa lile boksi, mie sijui. Bwana Ghassan kasema weye ukiniwia radhi, n'rudi kazini."

Damu ikampanda Mbarouk mpaka utosini. Na mdomo wake, ambao siku zote humtangulia, ukasema, "N'mekuwia radhi, Bi Mwatima. Yamekwisha."

Bi Mwatima akalia kwa shukrani. Akaanza kumwombea dua: yeye, watoto wake, riziki yake. Alipofika kwa wazazi wake waliotangulia mbele ya haki, Mbarouk hakuweza tena kustahimili.

"Basi, Bi Mwatima! Si weye. Gololi hazikuwa na kitu. Mie n'litia mafuta ya makonyo kwenye bunduki, mipira ikavimba. Ni mie."

Bi Mwatima akafuta machozi kwa ncha ya buibui, akatabasamu. "Allah akulipe, fundi. Hata kosa langu wataka kulibeba weye."

"Wallahi n'nakwambia kweli!"

"N'mefahamu. Usiseme zaidi, utaniliza tena."

Mbarouk akamgeukia mkewe, na Mwanawema naye alikuwa anapangusa macho.

Kufika Jumatano mtaa mzima ulijua namna fundi Mbarouk alivyotaka kumsitiri mjane. Shehe wa msikiti alimpa mkono na hakuuachia haraka. Mbarouk akamwendea Ghassan, akamweleza kila kitu, na Ghassan akacheka mpaka akakohoa. "Ami, miaka thelathini na mashine, wewe utie mafuta ya makonyo kwenye mpira? Hebu nenda." Ukweli alioukimbia wiki nzima, sasa anaugawa bure na hakuna anayeupokea. Na kila alivyosifiwa yeye ndivyo kosa lilivyozidi kuwa la Bi Mwatima. Mjane alirudi stoo, lakini vyombo vya mtaa havikurudi kwake. Mbarouk alijiona mwizi anayepewa zawadi na aliowaibia.

Ijumaa baada ya sala alitoa bunduki mbili mbele ya Ghassan na wafanyakazi. Zote akazitia oringi mpya. Moja akaipaka grisi, ya pili mafuta ya makonyo. Akampa Bi Mwatima azifungie stoo na ufunguo akae nao mwenyewe. Kesho yake jioni zikatolewa, na Mbarouk akaomba lile boksi lililolowa, ambalo Ghassan hakuwahi kulitupa.

Bunduki ya grisi ikapiga gololi za boksi lile. Mia mbili na themanini na moja. Mia mbili na sabini na tisa. Mia mbili na themanini. Zote zikapasukia kwenye dumu moja. Kisha bunduki ya makonyo, kwa gololi mpya kabisa. Mia mbili na tano. Mia tatu na kumi na moja. Ya tatu ikatoka kama mate, ikaanguka miguuni kwa Ghassan na kumchafua makubazi.

Mbarouk akafungua rigileta, akaipitisha mkono kwa mkono wanuse.

"Hivi ndivyo n'livyofanya," akasema. "Na lile boksi Bi Mwatima alin'onyesha mwenyewe, kwa amana, n'kamwambia liko salama. Halafu n'kamsingizia. N'lipojua kosa langu, n'litupa mipira chooni n'kanyamaza."

Hakuna aliyecheka. Ghassan akatazama chini. Bi Mwatima akainusa ile rigileta kwa muda, akaiweka juu ya meza, na mara hii alikuwa amefahamu kweli.

"Fundi," akasema taratibu, "ile radhi n'lokutaka, n'rejeshee."

"N'mekurejeshea." Akafungua mdomo kuomba ya kwake, Bi Mwatima akainua kiganja.

"Si hapa. Mie n'likuja kwako kwa miguu, na watu wote wananitazama. Nawe uje kwangu hivohivo."

Siku ya pili yake, alasiri, Mbarouk akatoka. Baraza la kwanza wakamwita, "Fundi, wapi leo?"

"Kwa Bi Mwatima, kutaka radhi."

"Radhi ya nini tena, mtu mwema kama weye?"

Akasimama, akawaeleza, tangu mafuta mpaka choo. Akaaga, akaenda, na baraza la pili nao wakamwita. Mtaa ule una mabaraza saba. Alipofika mlangoni kwa Bi Mwatima alikuwa ameshayaeleza mara saba, akapiga hodi, na wa ndani hawakufanya haraka kumjibu.