Nakala ya Pili ya Nakeno

Kompyuta ya Nakeno ilikaa juu ya meza ya chakula, nyumbani kwake Nawoitorong, imefunikwa leso kwa ajili ya vumbi la Lodwar. Aliachiwa na sista mmoja aliyehamishwa mwaka wa tisini na sita. Ndani mlikuwa na orodha ya familia mia moja na kumi na mbili zilizochimba visima kwenye laga, korongo kavu la mchanga, pale ambapo bwana mmoja mwenye malori alikuwa amezungusha seng'enge. Ijumaa iliyofuata kungekuwa na mkutano wa visima. Afisa wa maji alishasema: asiyekuwa kwenye orodha hana kisima.

Nakeno hakuiamini mashine ile. Ilinguruma hata asipoigusa. Basi akapanda pikapu hadi Kakuma kumwona Marial, mkimbizi aliyetengeneza redio na kompyuta kambini.

"Mama, orodha iko mahali pamoja tu? Hapo unangoja kulia," Marial alimwambia. "Weka nakala. Kuna kanda, kuna karatasi, kuna diskete."

"Kanda inasomwa wapi?"

"Mashine yake iko kule ofisi ya maji tu."

Nakeno akaikataa kanda. Karatasi aliijua: mchwa walikula cheti chake cha ndoa wakabakiza muhuri. Akachukua diskete, akaigeuzageuza.

"Nikiyaweka majina humu, wewe huku utayaona?"

"Nitayaona na nini, mama?"

Jibu hilo halikumtuliza hata kidogo.

Jumatatu alinakili orodha yote. Ndani ya nyumba mabati yalikuwa yanachoma, kwa hiyo akaitundika diskete dirishani kwa nje, kwenye upepo. Mbuzi wa kahawia aliyefungwa hapo akaila. Alibakiza kile kibati chake kidogo tu.

Jumanne akaja Asekon, mdogo wa marehemu mumewe, karani wa ofisi ile. Akasema chai bila sukari haimshuki. Nakeno akaenda kuomba sukari kwa jirani yake Abigael. Aliporudi alimkuta shemeji amekaa mbele ya kompyuta.

"Nilikuwa naangalia virusi, shemeji."

"Umeviona?"

"Nimeviondoa."

Jioni Nakeno alihesabu majina. Yalikuwa sabini na moja. Jina la mama yake halikuwepo.

Alimshuku Marial. Alilishuku joto. Alimshuku Abigael, aliyekuwa mwepesi mno kutoa sukari siku hiyo. Alimshuku Asekon kuliko wote, lakini huwezi kumtaja shemeji barazani bila shahidi. Akaenda kwa mjomba wake Ekal, msomaji wa matumbo ya mbuzi.

"Aliila nzima?" Ekal aliuliza.

"Alibakiza kibati."

"Kibati si neno. Mlete Ijumaa."

Ijumaa wazee waliketi nusu duara mchangani, afisa akapewa kiti cha plastiki. Ekal alimchinja mbuzi, akayatandaza matumbo juu ya majani, akasoma kutoka kushoto. Nakeno alisimama nyuma na wanawake, karatasi tupu mkononi, akiweka alama kwa kila jina. Majina yalifika mia moja na kumi na mbili, kwa mpangilio ule ule aliouandika. Hata jina la Lomenen lilisomwa na herufi moja ya ziada, pale kidole cha Nakeno kilipoteleza.

"Kuna mkunjo mwingine hapa," Ekal alisema. "Jumanne, saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Arobaini na moja wamefutwa. Mkono ni wa Asekon. Mbuzi alikuwa dirishani."

Asekon alikuwa akinoa kisu chake, akingojea nyama.

"Saa nane na kumi na tano," akasema. "Saa ya mbuzi iko nyuma."

Afisa aliandika sahihisho hilo. Akasema nakala ni safi, hana la kuipinga. Ila matumbo hayaingii kwenye mashine ya ofisi, na orodha iliyomo ofisini, aliyoiingiza Asekon, ni ya sabini na moja. Akagonga muhuri wa zambarau kwenye utumbo, mtu asije akasema haukupokelewa. Nyama ikachomwa. Asekon alipewa kipande cha rika lake, akala.

Baada ya hapo Nakeno aliandika upya orodha yote, akawalisha mbuzi watatu diskete. Mmoja alimbakiza kwake, mmoja akampeleka Lorugum kwa dada yake, wa tatu akamfunga nyuma ya kibanda cha Marial.

"Mama, huyu anakula nyaya zangu," Marial alilalamika.

"Nyaya si neno. Usimchinje. Na usimuuze. Nitakuja kumwangalia bila kukwambia siku."

Yule wa nyumbani hutoka kila asubuhi, huenda moja kwa moja hadi kwenye seng'enge, husimama mkabala na kisima cha mama yake Nakeno, akitazama lori likijazwa maji. Kisha hurudi. Nakeno humshika tumbo, hulibonyeza polepole mpaka ahisi majina yote. Akiona yametimia, huchukua dumu lake na kushika njia ndefu ya mtoni.