Mkanda wa Miaka Tisa

Mteja wa kawaida akinibishia mara tatu juu ya mkanda wa taimingi, namrudishia ufunguo wake na kumtakia safari njema. Tatizo ni kwamba mteja huyu ndiye aliyenizaa.

Mama alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mitatu. Alipostaafu, wenzake walitumia kiinua mgongo kujenga vyumba vya kupangisha. Yeye akanunua gari la spoti, jekundu, la milango miwili, ambalo hata siku hiyo lilikuwa limeshakula chumvi nyingi. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo hapakuwa na wa kumzuia. Tangu hapo mimi ndiye fundi wake, na mvi zangu zote najua zilikotoka.

Mkanda wa taimingi ni mpira wenye meno, unaofanya vyuma vya ndani ya injini vipishane kwa zamu. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu na pistoni zinagongana, na injini ya gari lile ikifa haipatikani nyingine hata kwa dua. Kitabu cha gari kinasema mkanda ubadilishwe kila kilomita laki moja au kila miaka mitano, lolote litakalotangulia. Mama alisoma hadi kwenye laki moja, akafunga kitabu.

"Nimetembea elfu ishirini tu tangu uuweke," ananiambia kila mwaka.

"Mama, miaka tisa imepita. Mpira unazeeka hata ukikaa bure."

"Nani kazeeka?"

"Mpira, Mama."

"Haya. Chunga maneno yako."

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia, nikafungua boneti kwa kuibia alipokuwa jikoni, nikakuta maji ya rejeta yamechuruzika ubavuni mwa injini. Nikamwambia akiliwasha tena mimi si fundi wake. Alinuna, lakini akakubali, nikalivuta kwa kamba hadi gereji.

Sijanawa hata mikono, dada yangu mkubwa akapiga simu.

"Afadhali limeingia hapo. Sasa lisitoke. Mwambie vipuri vimekosekana. Akikosa gari atakubali kuhamia kwangu."

"Unataka nimpake Mama mafuta kwa mgongo wa chupa?"

"Nataka asife peke yake kwenye ile nyumba! Wewe unalala usingizi? Mimi silali."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Kesho yake asubuhi Mama akatokea gereji na mkoba wake, akavuta kiti, akakaa kitako mbele ya gari.

"Nimekuja kukaa na mgonjwa," alisema.

Alikaa siku tatu. Alizihesabu nati nilizofungua. Nikienda kuosha uso, nikirudi ananiuliza ile ya nne nimeiweka wapi. Mwenye teksi aliyekuja kubadilisha oili akamwamkia, naye akamweleza jinsi nilivyochelewa kutembea utotoni, mbele yangu, huku nimelala chini ya gari. Nilikuwa nimechoka roho, si mikono.

Siku ya pili nikaifikia mipira ya maji, ile inayotoka kwenye rejeta kuingia kwenye injini. Nikauminya mmoja, vidole vikazama. Ulikuwa umevimba, laini kama ini, na unateleza.

"Mama, hii umeipaka nini?"

"Mafuta ya mgando. Yale ya watoto."

"Mafuta ya watoto!"

"Ilikuwa imepauka. Kila Jumamosi naipaka na kuikanda, taratibu, mpaka mafuta yaingie. Si unaona ilivyonawiri?"

"Mafuta yanakula mpira! Yanauvimbisha mpaka unapasuka! Ndiyo maana unavuja!"

"Nimepaka watoto elfu kadhaa katika maisha yangu," alisema Mama. "Hakuna aliyepasuka."

Nikatoka nje nikahesabu hadi ishirini. Niliporudi nikafungua kifuniko cha mkanda, na hasira yote ikaniishia. Mgongo wa mkanda ulikuwa umejaa nyufa. Jino moja halipo, la pili linaning'inia. Nikauvua, nikampa. Aliupitishia kidole, akaurudisha mkononi mwangu, hakubisha. Mama asipobisha, kuna jambo.

Siku ya tatu nikaweka mkanda mpya, na puli yake, na pampu ya maji, na mipira yote minne, kwa sababu ukifungua gari zee kiasi hicho ni upumbavu kurudisha kitu cha zamani ndani. Kisha nikachukua daftari niandike tarehe na kilomita, miaka mitano ijayo asinibishie. Nikatazama kilomita za mwisho nilizoandika, nilipombadilishia oili. Miezi kumi na minne imepita. Tofauti ilikuwa kilomita sita.

Nikatazama tena. Sita.

Mama huyu kila nikimpigia simu asubuhi nasikia injini inanguruma nyuma yake. Yuko njiani kwenda sokoni. Yuko njiani kwenda kwa shoga yake.

"Mama, sokoni unakwendaga na nini?"

Alifungua mkoba, akaufunga.

"Kwa miguu," alisema.

"Na gari?"

"Naliwasha. Kila asubuhi. Linanguruma kidogo, nazima."

"Kwa nini?"

"Macho, mwanangu. Mbele naona vizuri tu. Pembeni sioni, huku na huku, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Siendeshi tangu mwaka jana."

"Na hukusema!"

"Nimwambie nani? Dada yako ana chumba kimeshapakwa rangi kinaningoja. Siku gari langu likinyamaza, atakuja na sanduku." Alikuwa hanitazami, anatazama injini. "Mimi napika. Nafua. Nyumba yangu natembea ndani yake hata nimefumba macho. Mnapanga mambo yangu kwenye simu, hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza, Mama, wewe unataka nini?"

Nilimkasirikia yeye kwa kuficha, nikamkasirikia dada, na zaidi nilijikasirikia mimi, niliyeisikia injini mwaka mzima nikasema Mama hajambo. Nikachukua spana, nikaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, alama za taimingi zikakutana. Nikajaza maji. Nikawasha.

Ilinguruma safi. Mama aliinamisha kichwa, sikio karibu na boneti, kama alivyokuwa akisikiliza matumbo ya wajawazito.

Simu ikalia. Dada.

"Umeshamwambia vipuri hakuna?"

"Vipo. Nimeshafunga."

"Wewe! Si tulikubaliana?"

"Hatukukubaliana. Mama yupo hapa. Kama unataka ahame, muulize mwenyewe. Na ana jambo la kukwambia kuhusu macho yake."

Mama alinikata jicho, lakini simu aliipokea. Alizungumza naye muda mrefu akiwa amenipa mgongo. Nilisikia "hapana" mara nyingi, na mwisho nikasikia, "Haya, kwa daktari tutakwenda wote." Aliponirudishia simu, akaenda mlango wa abiria.

"Endesha."

Nikaendesha. Tulipofika kwenye kona ya mtaa wake, akanigusa bega.

"Simama. Tubadilishane."

"Mama, tafadhali. Umesema mwenyewe pembeni huoni!"

"Ndiyo. Kwa hiyo wewe utakaa pembeni."

Nilibisha. Nilibisha mpaka koo likakauka, na gari la nyuma likatupigia honi. Kisha nikashuka, nikazunguka.

Akaingiza gia ya kwanza. Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea, mkono wangu juu ya breki ya mkono, nikimtajia kila kilichokuwa pembeni: baiskeli kushoto, mbwa kulia, mwanamke ana ndoo, sasa amepita. Alipiga honi mbele ya kila mlango. Majirani wakatoka wakampungia, naye akawapungia wote, hata wa upande ule asioweza kuwaona.