Mkono wa Mtungi katika Kisima cha Tatu

Kwa heshima zote ninazostahili, ambazo kwa sasa hazijai hata kijiko, naeleza jinsi nilivyoua kisima.

Kilikuwa kimekufa kwa zaidi ya miaka elfu mbili, lakini shangazi yangu Polikseni alikuwa karibu kukifufua. Tangu hajaota mvi alishikilia neno moja: siku askari walipouteka mji wa kale ulio juu ya kilima chetu, wenyeji walitupa visimani sahani, taa, hata mlango wa mbao, wakakimbia wasirudi. Yote kwa siku moja. Mabingwa wa Athene walimcheka. Kwao visima vile vilikuwa majalala ya miaka na miaka. Ili kuwanyamazisha, alihitaji kisima kimoja kisicho na kitu chochote cha baada ya siku ile, kwa kuwa sheria ya kazi yetu haina huruma: kitu kichanga kuliko vyote ndicho kinachotaja umri wa kifusi kizima.

Kisima cha Tatu kilikuwa hicho: tulikuwa tumeshatoa humo sahani, taa, hata mlango, na hakuna kilichokuwa kichanga kuliko siku ile. Kibali cha kuchimba kilikuwa kinaisha Ijumaa, na Jumatatu barabara mpya ingepita juu yake.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shule ya bweni ya watawa nikiwa na tuzo ya mwandiko bora na barua tatu za onyo. Shangazi alinipa kazi ya kuosha vigae. Wiki ya kwanza niliweka jino la mbuzi kwenye kaburi la kale, na watu wazima wenye shahada wakalijadili mpaka chakula cha mchana.

Msimamizi wa wachimbaji, Mzee Thrasivulo, alijisifu kwamba akilamba kigae anajua umri wake.

"Ulimi huu, Stamatina, umesoma kuliko walimu wako."

"Basi ufundishe kunyamaza, mzee."

"Mtoto huyu! Ataolewa na punda, na punda ataomba talaka."

Jumatano nilifungua sanduku la vitu vilivyookotwa mashambani, visivyojulikana vilikotoka. Nikachukua mkono wa kushikia mtungi wa divai, wenye muhuri ulioonyesha kwamba ni mchanga kuliko kisima chetu kwa miaka mia nzima. Nikaupaka tope na kuutia kwenye ndoo iliyokuwa imetoka chini muda huo huo. Mzee angeulamba, angetangaza upuuzi, nami ningemvisha taji la vitunguu. Taji lilikuwa tayari. Nikarudi kwenye beseni langu kusubiri.

Sikujua kwamba mzee alikuwa ameteremka kanisani, kwenye arobaini ya dada yake. Ndoo ilipokewa na shangazi.

Nilimkuta ameketi juu ya kifusi, mkono wa mtungi umeoshwa, umelala kiganjani.

"Shangazi?"

"Ngoja kidogo, mwanangu." Alisoma muhuri tena kwa kidole, kama kipofu. "Walikuwa sahihi. Maisha yangu yote, walikuwa sahihi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilimtazama usoni, kisha nikarudi kwenye beseni langu kuosha vigae.

Jioni aliwapigia simu wale mabingwa wa Athene na kuwaambia mwenyewe. Yuko hivyo.

Nilikiri Alhamisi asubuhi, mbele ya mkate na zeituni. Kwanza uso wake ulichanua. Alinishika mabega akacheka, kicheko cha msichana, na mimi nikacheka pia, nikidhani nimesamehewa. Kisha kicheko kikasimama.

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine, shangazi."

"Ile taa?"

"Sikuigusa."

"Mlango?"

"Shangazi, mlango ningeutoa wapi?"

Mzee Thrasivulo alikohoa, akatazama kikombe chake cha kahawa.

"Jino la mbuzi pia uliniambia si wewe," alisema shangazi taratibu. "Uliapa kwa kaburi la baba yako. Kaburi la kaka yangu, Stamatina."

"Lile lilikuwa mzaha. Hili ni kweli."

"Najua. Mimi nakuamini. Lakini kila ndoo ya kisima hiki imepita mikononi mwako. Wakiniuliza nimejuaje kwamba hukuweka kingine, niwajibu nini? Kwamba mtoto ameapa?"

Shangazi alichukua daftari la uchimbaji, akaandika sentensi fupi, akaipigia mstari chini.

Ijumaa tulikifukia. Mzee aliokota ule mkono wa mtungi mezani, akaulamba bila kuombwa.

"Huu si wa kisima hiki," alisema. "Ni mchanga kwa miaka mia."

Alipatia. Hakuna aliyempongeza.

Masanduku yalikuwa yanahitaji lebo mpya, na shangazi alinipa kalamu kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Niliandika mpaka giza likaingia, juu ya sahani, juu ya taa, juu ya mlango: *Kisima cha Tatu. Kimevurugwa. Kisitumike kama ushahidi.*