Turubai la Mwalimu Mianda

Mianda alihamia Tenke akiwa na shahada ya jiografia, mifuko miwili ya nguo, na imani kwamba dunia imebakiza mahali pamoja penye utulivu. Mzigo mzito kuliko yote ulikuwa hiyo imani.

Alikulia Musonoi, kando ya mashimo ya mgodi ya Kolwezi, ambako baruti ndiyo jogoo na vikombe hucheza ngoma kabatini. Tenke, aliambiwa, ni mji mdogo wa reli: treni hupita inapokumbuka, na watu hulala. Akapata kazi ya kufundisha, akapanga chumba kwenye lupango ya Mama Yolande, nyumba na ua wake, akajiapia kuwa hapa ndipo patakuwa kwao. Maana tangu utoto, kila alipoulizwa kwao ni wapi akajibu Kolwezi, muulizaji alimcheka kwa huruma: "Hapana, kwenu kabisa." Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba; baba yake alizaliwa Kolwezi; yeye mwenyewe hilo Kasai hajawahi kulitia machoni. Lakini jina lake la Kasai lilifika mlangoni kabla yake.

Na kweli, Tenke ilikuwa tulivu ajabu. Malori ya madini yalipita kutwa kwa upole wa tembo. Kanisa la kushoto lilikemea mapepo kwa spika, la kulia likayakaribisha yaliyofukuzwa. Redio ya Mama Yolande ilipiga kelele jikoni tangu asubuhi, hata mwenyewe akiwa sokoni.

Mianda akatafuta dawa. Kwenye kona ya nyuma ya ua alisimika miti, akazungushia turubai la rangi ya chungwa, akaingiza kiti na miche ya biringanya. Humo angesoma na kunyamaza.

Sasa, hata mtoto wa ukanda wa shaba anajua turubai la rangi ya chungwa uani lina maana gani. Chini yake kuna shimo la madini, ndani ya shimo kuna mtu, na juu ya mtu kuna uongo. Ila mwenye shahada ya jiografia, hilo lilimpita.

Wa kwanza kuja alikuwa Dodo, mnunuzi wa mawe, na gunia lake begani.

"Mwalimu, bonjour. Mawe iko kijani ao nyeusi?"

"Mawe gani, tata? Mi ninasoma tu."

"Eheee!" Dodo akakonyeza. "Soma, mama, soma. Lakini usiuzishe kwa bengine."

Akaja Pasta Josias kuliombea shimo. Mianda akaapa kwamba hana shimo. Pasta akamshika bega. "Bote banasemaka vile, binti yangu," akasema, akafumba macho na kuuombea udongo usianguke.

Kisha akaja jirani, Tata Mukalay, mstaafu wa reli, na mchi mkononi na nusu ya mtaa nyuma yake.

"Mwalimu! Ukuta ya chumba yangu imepasuka. Uko unachimba chini ya kitanda yangu!"

Aliyeshtuka kuliko wote alikuwa Mama Yolande. "Yesu! Na mi nilimupokea kama mutoto yangu! Batu ba Kasai ni vile: unabapa chumba, banakula mupaka udongo. Kesho asubui utoke!"

Mianda akasimama mbele ya turubai. Chumba angepata kingine. Kwao, angepata wapi?

"Mufungue bashi," alisema, akiligusa turubai. "Muangalie. Mukikuta shimo, nitoke leo leo."

Turubai likavutwa. Kiti. Kitabu. Biringanya. Dodo akainua kiti, akachungulia chini yake, labda mgodi umejikunja humo.

"Ni kiti tu," akasema, kama mtu aliyedhulumiwa.

Mukalay hakuridhika. Mtaani kwao, mtu haweki kitanda kabla ya kutwanga sakafu kwa mchi na kusikiliza. Akatwanga penye kiti: ta! Penye biringanya: ta! Ardhi ngumu kama moyo wa bosi. Akaendelea kutwanga kuelekea ukutani kwake, akapita mlango wa jiko la Mama Yolande.

Bummm.

Akarudia. Bummm. Na kutoka chini ya jiko, ikishindana na redio, sauti ya mwanamume ikapanda kwa furaha:

"Mama Yolande! Bukari imeiva?"

Mukalay alivuta pumzi apige kelele, lakini Mama Yolande akamnyang'anya mchi.

"Ni vile, tata. Sasa twende kwako. Tutwange chini ya kile kitanda."

Ghafla Mukalay akakumbuka chungu alichoacha motoni. Watu wengine nao walikuwa na vyungu. Pasta Josias aliondoka akitazama anakokanyaga.

Jioni Mianda alikuwa akifunga mifuko yake Mama Yolande alipoingia na bukari, ugali wa moto, na sombe ya majani ya muhogo.

"Acha ile mifuko. Kweli hauko na shimo? Hata kadogo?"

"Hata kadogo."

"Masikini." Akaenda kuketi chini, pale penye turubai, akanyoosha miguu taratibu. "Hapa chini hakuna mutu?"

"Hakuna," akasema Mianda, aliyemfuata nyuma. "Mama, lile shimo lako litakuua."

"Najua. Njo maana nimekuja kukaa huku."

Kesho yake Mukalay alileta kigoda, eti ukuta wake upumzike. Akaja Dodo, akaja Pasta, wakaja akina mama na mboga zao za kuchambua. Mwishowe ikaja redio. Mianda alisahihisha madaftari magotini, mtoto wa mtu amelala juu ya mguu wake, na utulivu wenyewe hakuutafuta tena.

Siku moja mgeni wa Mukalay akamtazama, akauliza, "Huyu mwalimu, kwabo ni wapi?"

Mianda akafungua kinywa aanze habari za babu. Mama Yolande akamuwahi.

"Ni wa hapa. Haumuone penye anakaa?"

"Wa hapa kabisa," akasema Mukalay, akisogeza kigoda chake katikati ya turubai. "Siye bengine tunakaa juu ya hewa."