Heda za Mzee Mbuvi

Mzee Mbuvi alizileta heda zikiwa zimefungwa ndani ya leso ya mkewe, akazilaza juu ya meza ya kazi taratibu kama mtoto aliyelala. Yalikuwa mabomba manne membamba, yamepinda kwa madaha na kuungana kuwa moja. Yaling'aa mno, hata nikaona haya kuyashika kwa mikono yangu ya grisi.

"Ngali yangu inalia," akaniambia. "Siku hizi nikifika nyumbani Matinyani, watu wanatoka na magunia. Wanafikiri mashine ya kusaga mahindi imekuja."

Mzee Mbuvi ana ulimi wa Kikamba, kama wazee wengi wa kwetu. Gari kwake ni ngali, dawa ni ndawa. Nilizoea kumsikiliza nikiwa kaunta, anaponunua plagi, na sikuwahi kumwelewa vibaya. Nilidhani hivyo.

Gari lenyewe ni Pijo 504 ya mwaka 1974, nyeupe, viti vyake vimeshonwa upya mara tatu. Manifoldi ilikuwa na ufa. Manifoldi ni kile chuma kizito kinachokusanya moshi kutoka silinda zote nne na kuupeleka kwenye ekzosi. Heda hufanya kazi hiyo hiyo, ila moshi hupita kwa wepesi, injini huvuta pumzi vizuri zaidi na kunguruma kwa sauti nene. Ndivyo alivyoambiwa na muuzaji huko Nairobi.

"Jumamosi tunapeleka mbuzi za ntheo kule mjini Wote," akasema. Bila mbuzi hao Mkamba hahesabiki kuwa ameoa, hata akiwa na watoto sita. "Kimeu wangu anaoa. Nataka wakwe wajue tumefika."

Mkewe, Mama Wayua, alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake. "Watajua hata wale wa Mombasa. Mimi sipandi hilo gari likiwa na kelele. Nitapanda pikapu na mbuzi. Mbuzi wana adabu."

Mzee akakuna kichwa, akanigeukia; msichana yeyote kwake ni mwiitu. "Sijaamua, mwiitu. Wewe umesomea haya mambo. Angalia hizi na ile ya zamani, halafu unipigie simu nikwambie."

Alipoondoka, bosi wangu, Bwana Kihara, alikuja akijipangusa mikono. Alihamia Kitui kutoka Murang'a kabla sijazaliwa, akaja na ulimi wake wa Kikuyu, na gereji ni yake. Mimi nilikuwa na diploma ya ufundi wa magari na miezi minane ya kuuza mikanda ya feni kwenye kaunta.

"Kanini, hii ndiyo injini yako ya kwanza," akasema. "Mzee akirudi kutoka Wote akicheka, utabaki huku nyuma na spana zako. Akirudi akivutwa kwa kamba, wewe na kaunta mtaonana tena."

Jina langu maana yake ni kadogo. Sauti yangu nayo ilipewa jina hilo hilo.

Nilizijaribu heda kwanza, kwa haki. Zilikaa kwenye injini vizuri, ila bomba la tatu lilipita karibu na paipu ya petroli, nafasi ya kidole kimoja tu. Chuma chembamba hutoa joto jingi, na joto la kwetu halihitaji msaidizi. Petroli ingechemka kabla haijafika kwenye kabureta. Tena pale mabomba yalipoungana palining'inia chini, na mawe ya barabarani yangepasalimia moja baada ya jingine. Halafu nikajiuliza: injini ni ile ile ya kiwandani, ina kabureta moja, dereva ni mzee wa kanisa. Hiyo pumzi ya ziada angeitumia wapi?

Nikaitazama manifoldi ya zamani. Ufa ulikuwa mmoja, mfupi. Nilihisi kama mtu aliyemwona mgonjwa ambaye wengine wameshamchimbia kaburi, naye anaomba uji.

Nilimpigia Mzee simu. Kwake mtandao hupatikana karibu na tangi la maji tu, na nilisikia maji yakidondoka.

"Mzee, ni Kanini wa gereji. Ile manifoldi ya zamani inaweza kuchomelewa. Naona ni bora. Niendelee?"

"Nini?"

"Niendelee nayo, ama niweke heda?"

"Enda!" akapaza sauti. "Enda, mwiitu! Enda!"

Simu ikakatika. Sikupiga tena. Mimi hushukuru nikijibiwa hata mara moja.

Basi nikaenda. Niliibeba manifoldi hadi kwa Kyule, mchomeleaji wa pale karibu na soko. Tuliilaza juu ya makaa mpaka tone la maji likaruka juu yake likilia. Kyule akachomelea kipande kifupi, mimi nikakigonga kwa nyundo ndogo, tukangoja, akachomelea kingine.

"Mbona midomo yako inacheza?" akaniuliza. "Unahesabu?"

"Naiombea."

"Basi ongeza na mimi. Mgongo unaniuma."

Tulipomaliza tuliizika ndani ya majivu ya moto kwenye pipa lililokatwa, ikae humo hadi kesho yake, kwa maana chuma cha aina ile kikipoa haraka hupasuka tena. Nilipoitoa niliisugua uso kwa msasa uliolazwa juu ya kioo cha dirisha, mpaka karatasi haikupata pa kupita kati yake na kioo. Nikaifunga kwa gasketi mpya. Ijumaa jioni niliondoka gereji nikiimba, na si desturi yangu.

Jumamosi asubuhi Mzee alifika na suti ya kahawia na kofia. Mama Wayua alivaa kitenge cha bluu. Nje, pikapu ya jirani ilikuwa imejaa mbuzi. Mzee akafunua boneti, akainama, akatazama sana.

"Enda iko wapi?"

"Twende wapi, Mzee?"

"Enda! Enda zangu! Nilikwambia kwa simu. Enda!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kikamba hakina "h" wala "d" iliyo peke yake. Heda, kwenye ulimi wa Mzee, haikuwa na njia nyingine ya kutoka.

"Mzee," nikasema, "nilisikia unaniambia niende. Niendelee."

Bwana Kihara aligeukia ukuta, mabega yakitetemeka. Mzee akamwona. "Unacheka nini wewe? Wewe unayekula shakura?"

"Sijacheka, Mzee," akasema Bwana Kihara, akijipangusa macho. Kisha akaacha kabisa, akaniangalia, akaangalia kaunta. Kubadilisha kungechukua nusu siku. Mbuzi walikuwa wanalia. Wakwe kule Wote walikuwa wanatungoja.

Nilitaka kuomba msamaha nikajifiche stoo. Badala yake nilisikia sauti ikisema, "Mzee, tuiwashe kwanza," na ilikuwa yangu, tena kubwa.

Akaingia, akazungusha ufunguo.

Injini ikaamka, ikanguruma kidogo, kisha ikatulia ikawa kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Nilimsikia mbuzi mmoja akitafuna. Mama Wayua alisogea, akaweka mkono juu ya paa, akafungua mlango mwenyewe na kuketi.

"Baba Kimeu," akasema, "siku uliyonitoa kwa baba yangu uliniambia maneno humu ndani kwa kunong'ona, na nikayasikia yote. Ungekuwa na hizo enda zako, ungeyapigia kelele na baba angeyasikia."

"Maneno gani?" akauliza Bwana Kihara.

"Nenda kazini kwako!" akasema Mzee, lakini alikuwa ameanza kutabasamu. "Na wewe, mwiitu, ingia nyuma. Ikizima, uisukume."

Haikuzima. Tulivuka mto Athi, tukapanda milima ya Makueni jua likiwa kali, nami nikinusa kama nitasikia harufu ya petroli. Hakuna. Huko mbele Mzee na mkewe waliongea njia nzima, mvua ya mwaka huu, mahari, meno ya Mzee. Mahali fulani Mzee alinung'unika tena, "Lakini mimi nilisema enda."

"Ulisema," akajibu Mama. "Na kwa Kikamba kwenda ni kupenda. Mtoto amefanya ulichosema."

Tulipofika mjini Wote kwa wakwe, tulikuta lango limefungwa. Hakuna aliyetusikia. Akina mama waliopaswa kutupokea kwa nyimbo walikuwa bado wanamenya viazi.

"Unaona?" Mzee akanigeukia kwa ushindi. "Unaona, mwiitu?"

Kabla sijajibu, Mama Wayua alishusha kioo, akatoa kichwa na mkono nje, akapiga vigelegele hadi kuku wakaruka ua. Viazi viliachwa. Lango likafunguka kwa kishindo, wimbo ukaanza katikati, na Mzee akaingiza Pijo uani akicheka hadi kofia ikamwanguka.

Jumatatu alipita gereji akicheka vile vile, akatuachia heda. Bwana Kihara alizitundika juu ya kaunta, nami nikapita chini yake nikielekea nyuma, kulikokuwa na Datsun inayovuja mafuta. Nilisimama mbele yake kidogo, na woga wangu.

"Enda!" akapaza sauti Bwana Kihara kutoka mbele.