Ufupisho wa Mahindi Yaliyoliwa

Nne kwa kumi na tano. Mwalimu George alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kando ya sentensi ya mwisho ya Kadra: "Haimo katika kifungu. Ufupisho hauongezwi neno."

Kadra alihisi damu ikimchemka. Kifungu chenyewe kilitungwa na mwalimu huyo huyo. Kilisema kwamba "wafugaji wakaidi, kama ilivyo desturi yao, walivamia" mahindi ya Komora karibu na kijiji cha Wema. Komora ni ndugu wa mwalimu, toka nitoke. Na hao wafugaji wote, kifungu chenyewe kilikiri chini, walikuwa mtu mmoja, Mzee Issack, babake Kadra, na ng'ombe wake thelathini waliokuwa wakienda mtoni kunywa. Kosa la Kadra lilikuwa kuongeza kwamba mahindi yalipandwa ndani ya malka, njia inayoachwa wazi tangu enzi za mababu ili mifugo ifike mtoni. Malkani hapandi mtu, awe Mpokomo mkulima au Muorma mfugaji. Mtoto wa chekechea pale Garsen anajua hilo, sembuse mwalimu wa kidato cha nne.

Isitoshe, ufupisho bora ungesomwa Ijumaa shuleni, kwenye kikao cha amani, uwe ndio maelezo ya kisa. Kikao hicho ndicho kingeamua kama Mzee Issack atazuiwa kuleta mifugo mtoni, na kiangazi kilikuwa kimekaza.

"Lakini ni kweli, mwalimu," Kadra alisema.

"Sijakuuliza ukweli. Usiongeze kitu. Ondoa maoni, bakisha yaliyotokea. Kaandike upya."

"Niondoe maoni yote?"

"Yote."

Haya basi. Kadra aliketi na hasira zake akafanya alivyoagizwa. Alikata "wakaidi." Alikata "kama ilivyo desturi yao." "Walivamia" akaifanya "waliingia." Kila alipokata alizidi kukasirika, maana kifungu kizima kilikuwa matusi yaliyovishwa sare ya shule. Ukurasa ukabaki sentensi moja. Mwalimu George aliisoma mara tatu akitafuta kosa, asilipate. Kanuni ilikuwa yake mwenyewe. Akampa kumi na nne, alama ya juu kuliko zote darasani, shingo upande.

Ijumaa Kadra alisimama mbele ya wazee akasoma: "Jumatatu asubuhi, ng'ombe thelathini wa Mzee Issack, wakienda kunywa maji mtoni, waliingia katika shamba la Komora wakala mahindi." Akafunga daftari.

Watu wakangoja. Bi Hawa, mkulima wa kando ya mto aliyekuwa mwenyekiti, akauliza, "Ndio mwisho, mwanangu?"

"Ndio mwisho, bibi. Mengine yalikuwa maoni."

"Na shamba hilo liko wapi?"

"Kifungu hakisemi. Nami nimekatazwa kuongeza."

Bi Hawa akamgeukia mwalimu. "George, wewe ndiye uliyeandika. Liko wapi?"

Mwalimu George alimtazama ndugu yake, akatazama sakafu.

"Malkani," alisema.

Wazee wakaguna, wakatikisa vichwa, wakashangaa kama watu waliosikia jambo jipya. Kadra alitamani kuwatupia daftari. Babake alikuwa amelisema neno hilo siku nne mfululizo, kwa chifu, kwa polisi, kwa kila aliyemkuta, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, na hakuna hata mmoja aliyeliandika.