Damu ya Mpiga Rangi

Hii ni kweli tupu, wallahi. Asiyeamini anyamaze, asituharibie wenzake.

Muuza nyama mmoja, mpasua fupa la paja kwa pigo moja, aliogopa sindano. Tuseme haki: sindano aliisingizia tu. Alichoogopa ni jibu. Mama yake alikufa kwa figo zilizojaa vifuko vya maji, na sasa dada yake mkubwa alikuwa akisafishwa damu kwa mashine, uso umemuumuka kama unga uliotiwa hamira.

"Ugonjwa huu hurithiwa," daktari alimwambia. "Unaweza kuwa nao au usiwe nao, nusu kwa nusu. Tupime vinasaba vyako kwanza. Ukiwa salama, utampa dada yako figo."

Tangu hapo, kila alipopasua mbuzi na kushika zile figo mbili, laini, bado zina joto, alizitupa mezani kama zimemuunguza. Wateja wakadhani ana homa. Siku ya kutoa damu ilipofika, akamtuma rafiki yake, mpiga rangi, aende kwa jina lake.

Majibu yakaja: hana ugonjwa, safi kabisa. Dada akalia kwa furaha. Muuza nyama naye akalia, ila kilio chake kilikuwa kingine. Figo iliyosifiwa ilikuwa ya mpiga rangi; ya kwake nani aijuaye? Akimpa dada figo mbovu, atamzika. Akikataa, atamzika.

Akaitwa kupimwa kama damu zao zinapatana. Akaketi kando ya kitanda cha dada, mashine ikinguruma, jasho likimtambaa mgongoni. Nesi akamfunga mpira mkononi, akautazama mshipa, kisha akamkazia macho.

"Mbona siye? Yule niliyemtoa damu kucha zake zilikuwa na rangi ya bluu."

"Nilinawa."

"Na sura nayo uliinawa?"

Dada akageuza shingo polepole. "Mdogo wangu, hata woga unamtuma mtu akubebee?"

"Dada, nikiwa nao je?"

"Kama unao, unao, ujue usijue. Mimi ningejua mapema, labda nisingelala hapa. Mama hakupata wa kumwambia. Wewe umepata, unajificha nyuma ya ndoo ya rangi!"

Nesi akaongeza kichupa cha pili, cha kupima vinasaba upya. Muuza nyama akafumba macho, akaunyoosha mkono.

"Chukua," akasema, meno yakigongana. "Chukua upesi, kabla sijakimbia."